Kompyuta Kuukuu ya Mama Jovin

Enzi za taipureta, chuo cha uhazili alichosoma Rogathe kilikuwa na mwalimu wa kuchapa ambaye hakutaka mzaha. Aliwaamuru wasichana waweke vidole juu ya vitufe, kisha akawatandazia khanga juu ya mikono, na ndipo alipoanza kusoma kwa sauti ili wao wachape. Aliyechungulia chini ya khanga alipigwa rula. Rogathe alilia sana majuma ya mwanzo. Lakini siku alipohitimu, vidole vyake vilikuwa vimeshajua kila herufi inakaa wapi, naye hakutazama tena kitufe hata kimoja maisha yake yote.

Alirudi Babati, akaajiriwa na Wakili Nestory. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la pembejeo. Hati za viwanja vya Maisaka, kesi za mipaka ya mashamba ya Mutuka, wosia za wazee wa Sigino, vyote vilipita vidoleni mwake. Taipureta iliondoka, kompyuta ikaja, kazi ikawa ileile. Aliolewa na Anselmi, mkulima wa mahindi na mbaazi, mtu mpole asiye na maneno mengi. Wakampata Jovin, na tangu siku hiyo mji mzima ukamwita Mama Jovin. Jovin naye alikua, akasoma, akaenda kufanya kazi Geita.

Macho yalianza kumwacha taratibu, na yalianzia pembeni. Akawa anagonga bega kwenye mwimo wa mlango. Sokoni alikuwa akipishana na watu bila kuwasalimia, na wengine wakaanza kusema Mama Jovin siku hizi anaringa. Yeye hakuwa anawaona. Alifikiri ni uchovu, akabadilisha miwani, akaendelea na kazi. Siku aliyomwaga chai juu ya jalada la kesi, kwa sababu kikombe kilikuwa upande ambao kwake haukuwepo tena, Wakili Nestory hakumgombeza. Aliliweka jalada kando, akasema, "Mama Jovin, nenda hospitali. Leo hii, siyo kesho."

Hospitali ya rufaa walimwambia ni presha ya macho. Daktari alimweleza kwa upole kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi, ila matone yangejaribu kulinda kilichobaki. Rogathe alitumia matone hayo kwa uaminifu kama mtu anayesali, lakini alikuwa amechelewa. Mwanga ulipungua, ukawa kama dirisha dogo la choo, ukawa kama tundu la ufunguo. Asubuhi moja aliamka, akamuuliza Anselmi kama kumeshakucha. Anselmi alinyamaza muda mrefu kabla ya kujibu, na ukimya ule ndio uliomwambia.

Siku aliyokwenda kuaga ofisini, Wakili Nestory alimpa zawadi ambayo nusura imchekeshe. Alimpa kompyuta. Ilikuwa ileile ya mezani aliyoitumia kwa miaka mingi, kubwa kama sanduku la mahari, yenye kibodi ambacho herufi zake zilikuwa zimefutika kwa vidole vyake.

"Mimi wa kupewa kompyuta, Wakili?" aliuliza.

"Mwingine hawezi kuitumia," alijibu. "Herufi zimefutika zote. Kibodi hiki kinajua vidole vyako tu."

Anselmi aliipakia kwenye bajaji, wakaenda nayo nyumbani kwao Maisaka. Ikawekwa kwenye kona ya sebule, ikafunikwa kitambaa kilichodariziwa maua, na juu yake ikapangwa picha ya harusi na mtungi wa maua ya plastiki. Mara kadhaa Anselmi aliuliza kama waiuze. Rogathe alikataa, na hakuweza kueleza kwa nini.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa namna ambayo watu wa nje hawakuiona. Njaa haikuwepo, maana shamba lao la Sigino lilikuwa likizaa. Alijifunza kuchambua maharage kwa kugusa, akawa hodari wa kutoa mawe kuliko wenye macho. Alijifunza kupika kwa kusikiliza, akijua maji ya ugali yamechemka kwa namna sufuria inavyonguruma. Lakini wageni walipokuja, walikuwa wakizungumza na Anselmi juu ya kichwa chake. "Baba Jovin, mama anakunywa chai ya sukari?" waliuliza, yeye akiwa ameketi palepale. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akajibu mwenyewe, "Anakunywa. Tena masikio yake ni mazima." Wageni wakacheka kwa aibu. Yeye hakucheka. Alirudi chumbani akakaa kitandani, akawaza kwamba mtu aliyeandika wosia za nusu ya wilaya sasa hawezi kuandika hata jina lake.

Jambo lililobadilisha maisha yake lilitokea msimu wa kupanda. Anselmi alikwenda mjini kununua mbegu, akamchukua naye ili anyooshe miguu. Duka la mbegu lilikuwa limejaa watu, wanasukumana. Anselmi akaona heri amkalishe mkewe kwenye benchi la duka la jirani, la fundi kompyuta aitwaye Salimu, mtu wa makamo aliyetoka Kondoa na kuhamia Babati zamani. Salimu alimkaribisha.

"Shikamoo, Mama Jovin. Karibu ukae hapa, kuna kivuli."

"Marahaba, baba. Endelea tu na kazi zako."

Salimu aliendelea na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ikimkera. Rogathe alimsikia akibofya vitufe kwa hasira na kuguna. Katikati ya miguno hiyo ilisikika sauti nyingine, ya ajabu, kavu, iliyobanwa puani. Ilikuwa ikisema Kiswahili. Ilisema "kitufe", ikasema "menyu", ikasema "faili", ikakatishwa katikati ya neno, ikaanza tena.

"Salimu, nani huyo unayemnyima nafasi ya kuongea?" aliuliza Rogathe. "Anasoma kama padri mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana."

Salimu akacheka. "Samahani, mama, nimekupigia kelele. Si mtu. Ni hii laputopu ya zamani, nimeiwekea mfumo mpya. Nimebonyeza vitufe fulani kwa bahati mbaya, sasa inasoma kila kitu kilichoko kwenye kioo. Natafuta namna ya kuizima."

Rogathe alisimama. Aliinuka haraka mno hata mkoba wake ukaanguka.

"Usiizime," alisema.

"Mama?"

"Nakuomba usiizime. Umesema inasoma kilichoko kwenye kioo. Chote?"

"Chote, naona. Hata nikiandika herufi inaitaja."

Rogathe alinyoosha mikono mbele. Salimu, ambaye hadi leo husema hajui kilichomwongoza, hakuuliza tena. Alimshika mkono, akamleta hadi kwenye kiti chake mwenyewe, akaiweka laputopu mbele yake. Vidole vya Rogathe vilipapasa vitufe, vikatafuta vile viwili vyenye alama ndogo inayoinuka, vikatulia mahali pake. Kisha akachapa. Hakuchapa jina lake wala sala. Alichapa zoezi la kwanza la chuoni, zile herufi za mstari wa kati zisizo na maana yoyote. Mashine ikajaribu kuzisoma kama neno, ikatoa mlio wa mtu anayesongwa na muhogo. Rogathe akacheka mpaka machozi yakamtoka. Anselmi alipofika na mfuko wa mbegu begani alimkuta mkewe akicheka na fundi, akabaki amesimama mlangoni. Hakuwa amekisikia kicheko kile kwa muda mrefu.

"Baba Jovin," alisema Rogathe, "ile kompyuta yangu iko wapi?"

"Iko nyumbani. Chini ya maua."

Salimu alikuja Maisaka Ijumaa baada ya sala, na mfuko wa vifaa begani. Alipoifungua ile kompyuta alikuta mende wamejenga mji ndani yake. Akaisafisha uani kwa brashi na pumzi yake, akarudi ndani, akaiwasha. Iliwaka. Ilichukua muda mrefu kama bibi kizee anayepanda mlima, lakini iliwaka, na ikafungua mfumo uleule wa zamani aliouacha Rogathe.

Salimu alimweleza bila kumzungusha. Mfumo ule ulikuwa umeshaachwa na waliouandika, hawautunzi tena, na hauna sauti ya Kiswahili. Mfumo wao mpya unataka kompyuta yenye nguvu, na hii ukiiwekea itakufa kabla haijafika nusu ya safari.

"Kwa hiyo tumekwama?" aliuliza Anselmi.

"Hatujakwama, Baba Jovin. Kuna mfumo mwingine. Ni mpya, unatunzwa kila siku, na ni wa bure. Unaandikwa na watu walioko kila pembe ya dunia, kila mmoja anaandika kipande chake na kukitoa. Ipo ya aina nyingi, mizito na miepesi. Huyu mzee tutamtafutia mwepesi."

Mfumo wa kwanza aliojaribu haukuwa mwepesi vya kutosha. Rogathe alikuwa akibonyeza herufi, anasubiri, ndipo sauti inaitaja, na wakati huo yeye ameshasahau alikuwa anaandika nini. Alivunjika moyo. Salimu aliuona uso wake. Akachomoa nyaya, akasema atarudi. Aliporudi juma lililofuata alikuja na vibao vya memori alivyovichomoa kwenye kompyuta zilizokufa dukani kwake, na mfumo mwingine kwenye flashi, mdogo kuliko ule wa kwanza, usio na mapambo yoyote.

"Huu hauna picha nzuri nzuri," alisema.

"Mimi picha za nini?" alijibu Rogathe, na wote watatu wakacheka.

Safari hii sauti ilikimbia sambamba na vidole. Umeme ulikatika mara mbili wakati Salimu akimalizia, na mara zote mbili kompyuta ilirudi ikawasalimu kwa Kiswahili chake kibovu. Rogathe akaipenda sauti ile kuliko alivyotegemea. Alimwomba Salimu asiibadilishe hata kama ingepatikana iliyo tamu zaidi.

Akaanza upya. Alijifunza kutumia kompyuta bila kipanya, kwa vitufe tu, na alijifunza kusikiliza kwa kasi hadi wageni wakawa hawaelewi mashine inasema nini ilhali yeye anaelewa. Wakili Nestory aliposikia, hakuchelewa. Akawa anamtumia maneno kwa simu, akiyasema kwa sauti yake, na Rogathe anayachapa. Hati za viwanja zikaanza tena kupita vidoleni mwake. Jioni ya siku aliyomaliza hati ya kwanza alimwomba Anselmi aitazame kwenye kioo na kumwambia imekaaje. Anselmi alisema imekaa vizuri, mistari imenyooka. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimekukosa, Mama Jovin." 

Habari za mwanamke asiyeona anayechapa zilisambaa, zikamfikia Mwalimu Dorika. Dorika alikuwa hajaona tangu kuzaliwa. Alifundisha watoto wasioona katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji, na alikuwa mtu mwenye haraka, anayeongea kama anayegombana hata anapofurahi. Alifika Maisaka kwa bodaboda, akaingia ndani kwa fimbo yake nyeupe, akasalimia, akakataa chai mpaka kwanza aseme kilichomleta.

"Shikamoo, mama. Shuleni kwetu kuna printa ya nukta nundu. Unaijua?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu."

"Inatoboa karatasi. Unaandika kwenye kompyuta, yenyewe inatoa nukta, watoto wanasoma kwa vidole. Tulipewa na wafadhili zamani sana. Kompyuta iliyokuwa ikiiendesha ilikufa, na tangu hapo printa imefunikwa turubai. Tumepeleka kwa mafundi wawili. Wanasema programu yake ni ya kale, haikubali kompyuta mpya, na hata waya wake hauna pa kuchomeka. Mtihani ukija, wenzao wanapewa karatasi. Watoto wangu wanakaa wanasubiri mtu awasomee swali mmoja mmoja. Wa mwisho anasomewa wenzake wameshakwenda kucheza."

Rogathe alimpigia Salimu simu papo hapo. Salimu aliuliza swali moja tu, waya wa ile printa ukoje. Dorika alimweleza kwa kumbukumbu ya vidole vyake: kichwa kipana kama kiberiti kilicholazwa, pini nyingi za mistari miwili, na skrubu pembeni.

Salimu akasema, "Mama Jovin, peleka mkono nyuma ya kompyuta yako. Juu, upande wa kulia kwako. Unagusa tundu refu lenye vijitundu vya mistari miwili?"

Rogathe akapapasa katikati ya nyaya na vumbi. "Nagusa."

"Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo. Ndiyo maana wamekwama. Ya kwako ni ya zamani vya kutosha."

Printa ililetwa Maisaka kwenye toroli ya kukokotwa na punda, imefungwa magodoro. Sidii ya programu yake ilikuwepo, Dorika alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia yake ya nukta nundu, juzuu ya Zaburi. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Programu ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mfumo ule wa zamani uliokwisha futwa, na mfumo mpya haukuijua. Rogathe aliogopa kwamba sasa atatakiwa achague, ama sauti yake ama printa ya watoto. Usingizi ukampaa.

Salimu hakumtaka achague. Aliwaeleza kwamba kuna kitu cha kukaa katikati, kama mkalimani kanisani. Programu ya kale inaongea lugha yake ya kale, mkalimani anaigeuza, mfumo mpya unaelewa, na programu yenyewe haijui kama imehama nyumba. Akakisimika. Programu ikafunguka. Dorika akapiga makofi.

Ila sauti ikanyamaza. Ndani ya ile programu ya kale ile sauti ya puani haikuweza kusoma chochote, kwa sababu programu ilitengenezwa kabla watu hawajawaza mambo hayo. Salimu alihangaika mchana kutwa, mwishowe akakiri ameshindwa.

"Hapo sina ujanja, mama. Ukiingia humo utakuwa gizani."

"Gizani ninapajua," alisema Rogathe. "Wewe niambie tu vitufe vinavyofuatana vipi."

Basi wakafanya hivyo. Rogathe aliandika kila kitu kwenye mfumo wake mpya, akakisikiliza na kukisahihisha. Baada ya hapo alifungua programu ya kale na kupita ndani yake kwa kukariri: kitufe hiki, kile mara mbili, mshale chini, ingiza. Salimu alikaa pembeni akimtajia kilichotokea kwenye kioo, hadi ikafika siku ambayo hakuwa na haja ya kutaja.

Walipobonyeza kuchapa kwa mara ya kwanza, nyumba ilitikisika. Ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Jirani mmoja alikuja mbio akiuliza nani anabomoa ukuta. Karatasi ikatoka, nzito, ya moto kidogo. Dorika akainyakua, akatembeza vidole, uso wake ukakunjamana.

"Hii ni takataka," alisema.

 Salimu akaanza kukagua nyaya. Lakini Dorika hakuiachia karatasi. Alirudi mwanzo wa mstari, akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Mama, hapa umeandika nini?"

"Timu ya kandanda ya shule ilifunga bao lingine."

Dorika akarudia kwa vidole, kisha akaangua kicheko. "Kandanda! Inaandika 'k', halafu alama ya 'and' ya Kiingereza, halafu 'and' nyingine, halafu 'a'. Na kwenye 'lingine' imeweka kifupisho cha 'ing'. Mashine inadhani tunaandika Kiingereza! Ni vile vifupisho tulivyofundishwa sekondari. Watoto wangu hawavijui."

"Kwa hiyo printa ni nzima?" aliuliza Salimu.

"Ni nzima kabisa! Inaongea lugha ya watu tu."

Salimu alitafuta kwenye programu mpaka akapata mahali pa kuzima vifupisho. Karatasi ya pili ikatoka kwa kishindo kilekile. Dorika aliisoma yote mara moja bila kusimama, bao lingine likafungwa, akamaliza. Kisha akamshika Rogathe mkono, akauweka juu ya karatasi. Rogathe hakujua kusoma nukta nundu. Alihisi vipele vidogo vilivyopangika, vingi kama mbegu za ufuta. Dorika akakiongoza kidole chake hadi mwanzo wa mstari. "Hii ni 't'. Hii 'i'. Hii 'm'. Hii 'u'. Umesoma neno, mama."

Akiwa na mvi kichwani, Rogathe akawa mwanafunzi. Dorika alikuja kila alipopata nafasi, akawa mkali kuliko yule mwalimu wa taipureta, na Rogathe akamshukuru kwa ukali huo. Alisoma kwanza majina, baadaye hadithi fupi alizozichapa mwenyewe. Siku alipoisoma Zaburi nzima kwa vidole vyake, Anselmi alikuwa anapukuchua mahindi uani, akaacha kupukuchua akasikiliza mpaka mwisho.

Mitihani ya muhula ilipofika, walimu walimpelekea Rogathe maswali mapema, wakimsomea kwa simu. Nyumba ikatikisika tena mpaka majirani wakaizoea. Siku ya mtihani alikwenda shuleni na Anselmi, wakaketi nyuma ya darasa. Karatasi ziligawiwa kwa wote, wanaoona na wasioona, kwa wakati mmoja. Palikuwa na kunong'ona kidogo, kisha darasa likatulia. Katika utulivu ule Rogathe alisikia sauti ndogo sana, ya vidole vya watoto vikipita juu ya karatasi, kama upepo mwepesi kwenye mabua makavu. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Eliakunda, aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "naweza kuanza na swali la tano?"

Dorika akageuka upande wake. Kabla ya siku ile hakuna mtoto wake aliyewahi kuchagua aanze na swali gani. "Anza na unalolitaka," alisema.

Baada ya mavuno Rogathe aliomba kutoa sadaka ya shukrani kanisani. Alialika watu wote waliomsaidia. Wakili Nestory alikuja na suti yake ya mahakamani. Dorika alikuja na watoto wake. Salimu, ambaye ni Mwislamu, alikuja pia, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango, amevua kofia yake ameishika mapajani, mpaka Anselmi alipomfuata akamleta mbele.

Rogathe alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, ila akasema machache. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru mumewe, ambaye hakuchoka. Akamshukuru Wakili kwa kumpa kitu ambacho yeye, Rogathe, alidhani hakina kazi, na Salimu kwa kumwazima kiti chake, na Dorika kwa kutomwonea huruma. Halafu akasema, "Na nawashukuru wale walioandika ule mfumo, na yule aliyeifundisha mashine Kiswahili."

Mchungaji, aliyekuwa akirudia majina ili waombewe, akamsogelea. "Majina yao nani, mama?"

"Siwajui, Mchungaji. Sijui hata wanaishi nchi gani. Walikaa huko kwao wakatengeneza kitu, wakakiacha njiani ili yeyote apite akichukue. Huyo aliyeweka Kiswahili, matamshi yake yana shida kidogo. Lakini aliwaza kwamba hata sisi tupo."

Watu walicheka, wengine wakafuta macho, na mchungaji akawaombea wasiojulikana kwa majina.

Walikula nyumbani Maisaka, uani, kwenye mikeka na viti vya kuazima. Kuku walichinjwa na Salimu mwenyewe, Rogathe alihakikisha hivyo tangu asubuhi, ili pasiwe na mgeni wa kula pembeni. Kulikuwa na pilau, makande, na perege wa ziwani waliokaangwa. Watoto wa Dorika waliingia sebuleni mmoja mmoja kuipapasa kompyuta, wakashangaa jinsi ilivyo kubwa na jinsi inavyotoa joto ubavuni.

"Itadumu mpaka lini?" Dorika alimuuliza Salimu, mdomo umejaa.

"Sijui, Mwalimu. Nimeshaanza kukusanya vipuri. Kila kompyuta ya umri wake inayofia Babati, naomba nipewe."

"Basi itadumu," alisema Rogathe, akamsogezea sahani ya nyama. "Kula, Salimu, pilau linapoa."